Taa za Nyuma na Mbuzi wa Ntheo

Nikikanyaga breki, taa za breki hazikuwaka. Badala yake indiketa zote mbili za nyuma zilitoa mwanga hafifu, kama makaa yanayokaribia kuzimika. Nikiwasha indiketa ya kushoto wakati taa kubwa zinawaka, mkia mzima wa gari ulipepesa. Mwanangu, aliyesimama nyuma kunitazamia, alisema, "Baba, sasa linatukonyeza."

Gari hilo ni steshen wagoni. Tumekaa nalo hapa Kwa Vonza muda mrefu kuliko ng'ombe yeyote tuliyewahi kufuga. Jumamosi ile lilipaswa kupeleka mbuzi wa ntheo Matiliku, upande wa Makueni, kwao mchumba wa mwanangu. Kwetu Ukambani mwanamke anaweza kukaa nyumbani kwako hadi apate wajukuu, lakini kama hujapeleka mbuzi wa ntheo, yeye bado ni mtoto wa watu. Siku ilikuwa imekwisha kupangwa na athoni, yaani wakwe zetu, na siku kama hiyo haisogezwi kwa sababu ya balbu.

Mke wangu alikuwa amesema lake mapema. "Likitufikisha kwa athoni na kuturudisha, sitataja tena habari ya kuliuza. Likitukwamisha na mbuzi za watu, yule mnunuzi wa vyuma vikuukuu akuje Jumatatu."

Sikubishana naye, kwa maana madai yake yalikuwa ya haki. Lakini mama yangu ana goti lisilokunjika vizuri, na kliniki yake iko Kitui mjini. Bodaboda haimwezi. Gari likiuzwa, atalazimika kungoja mtu wa kumbeba. Mama mwenyewe, aliyekuwa akichambua pojo kwenye kivuli cha jikoni, alisema bila kuinua kichwa, "Hata mimi nyaya zangu zimeoza, na hamjaniuza."

Sikusomea umeme darasani. Nilichojifunza nimekitoa katika vitabu vya mitumba na katika kuharibu vitu polepole, na kanuni ninayoiamini ni moja: usibadilishe kitu kabla hujakipima. Nilitwaa taa yangu ya kupimia, balbu ndogo yenye nyaya mbili. Upande mmoja niliuunganisha na moto wa betri, yaani upande wa chanya. Upande wa pili nilipougusisha kwenye bodi ya gari, balbu iling'aa. Nilipougusisha kwenye waya unaorudisha umeme kutoka taa za nyuma, ikafifia. Basi umeme ulikuwa ukifika kwenye taa bila shida, ila njia ya kurudi ilikuwa imefungika, nao ukatafuta uchochoro kupitia indiketa. Waya huo wa kurudi mafundi huuita ethi, nao hufungwa kwa bolti kwenye bodi, chini ya kapeti ya buti.

Ili kuifikia bolti ilibidi nibandue kava za plastiki, zinazoshikwa kwa klipu ndogo za plastiki pia. Plastiki ya gari lililozeekea kwenye jua letu huvunjika kama ganda la yai, hasa asubuhi kukiwa na baridi. Kwa hiyo mimi huzibandua mchana, saa saba, baada ya gari kushinda juani milango ikiwa wazi, plastiki ikiwa imelegea kidogo. Kaka yangu mkubwa, mwenye pikapu, alinikuta nikitokwa jasho hadi viatuni.

"Fundi, watu wenye akili wako kivulini."

"Klipu hazijui akili. Zinajua joto."

"Peleka mbuzi kwa pikapu yangu. Wewe panda basi, uje kama mgeni."

"Nitakuja na mbuzi."

"Haya. Nitakungoja huko. Nikishakula."

Klipu chache zilivunjika hata hivyo. Nilichonga nyingine kutoka kwenye mtungi wa njano wa mafuta ya kupikia, ambao plastiki yake hupinda bila kukatika. Sikio la taa ya kulia, mahali skrubu hushika, lilikuwa limepasuka. Nilipasha moto vipande vya waya mgumu, nikavizamisha ndani ya plastiki kukatiza ufa, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayeshona kibuyu.

Nilipoinua kapeti, harufu ya beberu ilinipiga puani. Mke wangu aliisikia akiwa mlangoni.

"Asi! Hiyo ni ntheo ya mtoto wa dada yako," alisema. "Na ya binamu yako. Na zile mbuzi za mazishi."

Hapo niliielewa hitilafu yote. Ukoo mzima ulikuwa umesafirisha mbuzi katika buti ile, na mbuzi akiogopa mwendo hukojoa. Mkojo ulikuwa umepenya kapeti, ukatuama palepale bolti ilipo. Bolti ilikuwa imeota unga wa kijani na mweupe. Niliisugua kwa msasa, nikapaka grisi, nikakaza. Taa zikawaka zote. Nilikula chakula cha jioni nikiwa mtu mwenye furaha.

Asubuhi ya Ijumaa zilikuwa zimerudi kukonyeza.

Nilikaa juu ya ndoo, nikafikiri. Bolti ilikuwa safi, basi kilichobaki ni waya wenyewe. Nilichuna ganda lake karibu na bolti, nikakuta shaba imekuwa nyeusi na inapukutika. Nikakata, nikachuna tena: nyeusi. Nikakata tena. Niliendelea hivyo hadi karibu na tairi la nyuma, ndipo nikaona shaba nyekundu inayong'aa. Hapo niliunga waya mpya, nikauchomelea kwa risasi iliyoyeyushwa, nikaufunika vizuri. Sikuurudisha sakafuni. Niliupandisha hadi kwenye nguzo ya dirisha, nikaufunga kwa bolti mpya mahali ambapo mbuzi hata akiwa na hasira hawezi kufikisha mkojo. Sakafuni nikatandika turubai, na juu yake mtungi mwingine niliokuwa nimeupasua ukawa sinia la kukinga mkojo.

Jumamosi tulipita Machakos, tukakaribia Wote. Mama alikaa mbele, mke wangu na mwanangu wakakaa katikati, mbuzi watatu nyuma. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alizunguka gari akasema, "Kanyaga breki." Nikakanyaga. "Indiketa. Ile ingine." Akatazama ndani. "Hizi ni za ntheo?"

"Ni za ntheo."

"Endeni basi. Athoni hawangojeshwi."

Tulifika Matiliku saa tuliyoahidi. Akina mama wa boma lile walikuwa wamejipanga langoni wakiimba, na kaka yangu alikuwa ameketi kitini na kikombe mkononi. Nilishuka, nikashika hendeli ya mlango wa nyuma, nikavuta. Hendeli ikabaki mkononi mwangu.

Nyimbo zilikatika. Mama mmoja akapaza sauti, "Athoni! Mbuzi wenu wamebadilisha nia?"

"Labda hawajaipenda boma yetu," mwingine akasema, nao wakacheka hadi wakashikana mabega.

Kaka yangu aliniinulia kikombe. 

Hendeli ile sikuwa nimeipima. Lakini nilijua kilichokuwa nyuma yake: ufito mwembamba wa chuma unaovuta kufuli, uliofichwa na kava ambayo nilikuwa nimeifunga kwa klipu zangu za njano. Nilipanda viti, nikapita juu ya mbuzi, mmoja akanikanyaga paja. Nikaita niletewe koleo. Mke wangu alikuwa tayari ameitoa kwenye mkoba wake, katikati ya leso na kitabu cha nyimbo. Sijui aliiweka humo lini. Klipu zilichomoka bila hata moja kuvunjika. Nikavuta ufito, mlango ukafunguka, na mbuzi wa ntheo wakaruka chini mbele ya wenyewe, nami nikafuata nyuma yao kwa magoti. Vigelegele vilipigwa kwa ajili yetu sote.

Jumatatu mnunuzi wa vyuma, aliyekuwa ameshaagizwa, alikuja na mzani wake. Mke wangu alimkuta langoni, akamkabidhi ile hendeli iliyovunjika.

"Hii ni plastiki," mtu yule alilalamika.

"Basi," mke wangu akamwambia, "hatuna kingine cha kuuza."