Jina la Kwanza Katika Daftari

Mwaka jana shule yetu, iliyo nje kidogo ya mji wa Kasulu, ilitaka historia yake iandikwe kwa ajili ya sherehe, nami nikatupiwa kazi hiyo kwa kuwa ndimi ninayefundisha somo lenyewe. Kila mtu alijua itakavyoanza: Mwami, mtawala wetu sisi Waha enzi hizo, alitoa kilima, akaamuru matofali yafyatuliwe, akampeleka mwanawe awe mwanafunzi wa kwanza. Daftari la mahudhurio lipo ofisini na jina la mwana huyo liko juu kabisa.

Uongo mtupu. Kilima Mwami alikitoa, sikatai. Lakini nyumbani kwake waliogopa kwamba mtoto akikaa na walimu wageni atageuzwa, asifae tena kutawala. Siku ya kuandikishwa wakamficha, wakampeleka mtoto wa mchunga ng'ombe wao kwa jina la bwana mdogo. Mtoto huyo ni baba yangu. Alisoma miaka minne kwa jina lisilo lake, na cheti kilipotoka kikachukuliwa na mwenye jina, aliyekitumia kupata ukarani Kibondo. Baba akarudi kwenye jembe huko Rungwe Mpya, na yuko huko mpaka leo.

Hakuwahi kudai kitu. Aliposikia naandika, ndipo aliponiita.

"Mwananje, mwanangu, mara hii unitaje," aliniambia. "Nilisikie jina langu pale shuleni kabla sijafa."

Nikaandika yote. Kamati ya sherehe ikanirudishia kurasa zangu zikiwa zimekatwa kwa kalamu nyekundu. Mwenyekiti, mjukuu wa Mwami na mtu muungwana kwa kila jambo lingine, aliniuliza nina karatasi gani ya kuthibitisha. Karatasi ipi, wakati zote zina jina la baba yake? Hasira zilinipanda.

"Mzee bado yu hai," nikasema. "Mwiteni mumwulize."

"Mwalimu, wazee husahau," akajibu, na kikao kikahamia kwenye habari za maturubai.

Siku ya sherehe nilimleta baba kwa bodaboda, amevaa koti lake la kanisani. Ukurasa wenye jina lake nilikuwa nao mfukoni, nimeapa nitausoma, liwalo na liwe. Nikapewa kipaza sauti. Mgeni rasmi alikuwa mbele yangu, kamati nzima nyuma yangu, nami nikaiwazia ajira yangu. Najichukia kwa hilo. Nikasoma walichokipitisha.

"Mwanafunzi wa kwanza," nikasema, nikalitaja jina la mwana wa Mwami.

Katikati ya wageni baba akainuka taratibu, akishikilia kiti cha mbele yake, kisha akanyoosha mikono ubavuni.

"Nipo, mwalimu," akaitika.

Watu wakacheka bila ubaya, na mama mmoja akamshika mkono akamkalisha. Mimi nikaendelea na jina la pili.