Uzi Ulioshiba Nta

Fundi viatu wa mtaa wetu alifungua kibanda chake Machi 2011. Tarehe ameichonga mwenyewe juu ya mlango. Kabla ya kushona, huuburuta uzi kwenye donge la nta ya nyuki, kisha huudonoa kwa ukucha karibu na sikio, kama anayejaribu gitaa. Leo mlinzi mpya wa geti la mtaa, mwenye mguu mmoja mfupi, ameleta kiatu chake maalumu cha soli nene, kimefumuka.

“Shona hivyo hivyo, mama, mvua inakuja.”

“Na itautafuna uzi huu, baba. Uzi bado una njaa ya nta.”

Akauburuta tena, akasikiliza, akashona. Mlinzi alivaa, akakanyaga dimbwi la mvua ya jana makusudi, akacheka peke yake. Zamu yake ya kwanza getini ni kesho alfajiri, mvua inyeshe isinyeshe.