Helmeti ya Kaka na Jiwe la Kwenye Kompyuta

Mnivumilie kwa mwandiko unaopanda na kushuka, na herufi nilizokosea. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole.

Kaka yangu anaendesha bodaboda hapa Malangali. Siku moja helmeti yake iliteleza kutoka kwenye tangi la pikipiki ikagonga jiwe. Ni ya faiba, yaani matabaka ya nyuzi yaliyobandikwa kwa gundi. Nje ilikwaruzika rangi tu. Kesho yake alitakiwa kumpeleka abiria Chala, akasema ataivaa hivyo hivyo.

Dada yetu anayesomea uhandisi alikuwa nyumbani likizo. Akafungua kompyuta.

"Njoo uone, usijifiche mlangoni," akaniambia.

Alichora matabaka ya faiba, akapanga nyuzi za kila tabaka zielekee wapi, kisha akaangusha jiwe la kuchorwa. Jiwe likadunda. Tabaka la juu lilibaki zima, lakini chini yake palienea rangi nyekundu, matabaka yakiachana. Kadiri rangi hiyo ilivyoshuka kuelekea ndani, ndivyo wekundu ulivyozidi kupanuka. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena.

"Katuni hiyo," kaka akasema. "Jiwe lako halijui helmeti yangu."

"Kweli halijui," dada akakubali. "Linajua faiba inayofanana nayo."

Mama alikuwa anasafisha chungu cha pombe ya ulezi. Akaichukua helmeti, akaigonga kwa kifundo cha kidole, kama anavyogonga vyungu sokoni kabla ya kununua. Ti, ti, ti. Kwenye mkwaruzo ikalia: tu.

"Ingekuwa chungu, ningekirudisha."

"Mama, hiyo ni helmeti!" kaka akasema.

"Na hicho ni kichwa, baba."

Asubuhi kaka aliazima helmeti ya jirani, akaenda Chala akarudi. Jioni akaikata ile yake mwenyewe, kwa msumeno wa chuma. Tulipobandua sponji, matabaka yalikuwa yameachana kama kurasa za daftari lililolowa, na palipoachana zaidi ni upande wa ndani, kwenye kichwa. Kaka alipitisha ukucha pale, akauliza bei ya helmeti mpya.

Kipande kimoja ninacho mimi. Nakigonga kila mara. Dada anasema gundi ikiachia, mlio hufifia. Sasa najiuliza: kompyuta iliyochora ule wekundu, inaweza kuchora na ile "tu"? Dada hana hakika. Kama wewe unajua, au umewahi kugonga kitu kikakujibu hivyo, niandikie. Nitachelewa kujibu, lakini nitajibu.