Mtani Huchukua Kuku, Hachukui Kwenu

Utani ule niliutunga mimi. Naanza na hilo ili usije ukafika katikati ukaniona msaliti. Niliutunga tukiwa kidato cha kwanza, kipindi cha hesabu, tukiitafuta eksi ambayo nadhani hata mwalimu mwenyewe alikuwa ameipoteza. Nilimwambia jirani yangu wa dawati kwamba shule ikimpa uongozi, kesho yake bwalo litageuka duka, na sisi tutakula tumesimama kaunta.

Jirani yangu ni Mhindi. Ukoo wao ulifika Mwanza mjini zamani, wakati sisi bado tunachunga ng'ombe Kisesa, na kaunta ya duka lao la vitambaa imelika katikati kwa viwiko vya wateja. Aliposikia maneno yangu hata kalamu hakunyanyua.

"Na wewe Msukuma," akasema, "utakuja na gunia la michembe, viazi vyenu vya kukausha, utake nikupimie kama korosho."

Nilicheka mpaka nikatolewa nje. Yeye hakutolewa, maana Mungu amempa uso wa mtu anayefuatilia somo. Tangu siku hiyo tukawa tunarushiana hivyo kila siku, yeye na michembe yangu, mimi na kaunta yake, na darasa zima likajua kwamba ukikaa karibu na dawati letu hutafaulu hesabu lakini hutakufa kwa huzuni.

Mwaka jana, kidato cha tatu, akagombea urais wa serikali ya wanafunzi. Mimi akaniteua meneja wa kampeni. Sifa niliyokuwa nayo ni mdomo tu, na yeye alilijua hilo. Mpinzani wake alikuwa kijana wa Usagara, hapo nje ya mji, mrefu, mwenye sauti ya mtangazaji wa redio, anayesema "ndugu zangu" kama mtu aliyezaliwa amevaa suti. Tulikuwa mbele yake. Vidato vya chini vyote vilikuwa vyetu, kwa sababu jirani yangu alikuwa ameahidi kushughulikia maharage ya bwalo, ambayo kwa kweli yalikuwa maji yenye kumbukumbu ya maharage.

Mdahalo ulifanyika Jumatatu, hapohapo bwaloni. Madam wa Uraia, ambaye ndiye mlezi wa serikali ya wanafunzi, aliruhusu tutumie Kiswahili. Mwaka uliotangulia walilazimishwa Kiingereza, na wagombea wote waliishia kushukuru tu, dakika tano kila mmoja.

Jirani yangu akaongea vizuri sana. Ikaja zamu ya mpinzani.

"Ndugu zangu, maharage tutayazungumza. Lakini kwanza muulizeni mwenzangu swali dogo: kwao ni wapi? Maana mtu mwenye kwao kwingine, hapa kwake ni stendi tu, anasubiri basi. Mpeni funguo za bwalo, kesho yake bwalo litakuwa duka, na nyie mtakula mmesimama kaunta!"

Bwalo lililipuka. Watu walipiga meza, vijiko vikaruka. Na mimi nilicheka. Nilicheka kabla sijajua nacheka nini, kama mtu anayesikia wimbo alioutunga mwenyewe unapigwa nyumba ya jirani. Kisha nikamtazama mgombea wangu. Alikuwa hamtazami mpinzani. Alikuwa ananitazama mimi.

Kipaza sauti kilirudi kwake. Akakishika, akafungua mdomo, akakiweka mezani. Miaka mitatu nimekaa na yule mtu, sijawahi kumwona amekosa jibu.  

Tulikutana nyuma ya madarasa, kwenye mawe makubwa tunakokaa tukiangalia ziwa na kukwepa usafi.

"Najitoa," akasema.

"Kwa sababu ya utani?"

"Wako ulikuwa utani. Ule haukuwa."

"Lakini ni maneno yaleyale!"

"Ndiyo. Kwa hiyo wewe ndiye utakayewaeleza tofauti." Akaokota kijiwe, akakirusha. "Sitaki aondolewe kwenye kinyang'anyiro. Nataka kitu kile kiitwe kwa jina lake, mbele ya wote waliocheka. Wakisema ni utani, Ijumaa jina langu halipo kwenye karatasi ya kura."

"Mimi pia nilicheka."

"Nilikuona."

Nawaambia, nimewahi kuchapwa na mwalimu wa nidhamu, na nimewahi kung'atwa na bata. Hakuna kilichouma kama lile neno "nilikuona."

Madam alikuwa amepokea malalamiko ya jirani yangu, akatangaza kikao Jumatano. Kanuni za uchaguzi wetu zinakataza ubaguzi wa rangi, wa kabila na wa dini, na kazi ilikuwa kuamua kama maneno yale yanaingia humo. Shule ikagawanyika kama mkate. Wengine walisema hakutaja rangi, sasa ubaguzi wa rangi uko wapi? Wengine wakauliza kwani Wahindi hawana maduka, ukweli unakuwaje ubaguzi? Kaka mmoja wa kidato cha nne akanishika bega: "Dogo, sisi Wasukuma tunaitwa washamba kila siku na hatuendi ofisini. Mwambie mgombea wako apunguze kudeka." Hilo lilinisumbua, kwa sababu nusu yangu ilikubaliana nalo.

Nikafika nyumbani Kiseke nimenuna. Bibi yangu, mama wa baba, alikuwa amekuja kwetu kutibiwa macho. Bibi huniita mume wake, na hunilalamikia kwa majirani kwamba nimemwoa na sijawahi kumletea hata kuni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mume wangu, leo umekula chura?"

Nikamsimulia yote, pamoja na kucheka kwangu.  Akauliza, "Ni yule mtoto aliyevaa kofia ya babu yako?"

Nilikuwa nimeisahau siku ile. Hapana, nitasema kweli: nilikuwa sijaisahau, sikujua tu kwamba inahusika. Babu alipofariki, tukamzika Kisesa, jirani yangu alikuja na baba yake asubuhi ya siku ya tatu. Akampigia bibi goti, akasema "Mwangaluka, mayu," salamu ya Kisukuma niliyokuwa nimemfundisha mimi, kwa lafudhi mbaya kuliko ya redio ya Kichina. Halafu akaenda jikoni kwa akina mama, akasugua masufuria mpaka masizi yakamfika kwenye viwiko. Mchana, watu wamekaa kimya kile kizito, akatoka ndani amevaa kofia ya marehemu na kushika fimbo yake. Akapita katikati ya waombolezaji akitembea kama babu: hatua mbili, kikohozi, hatua moja. Akasimama mbele ya baba yake, akashika upindo wa shati lake, akasema kwa sauti ya babu, "Hiki ni kitambaa au chandarua?" Ndivyo babu alivyokuwa akisema kila aliposimama kwenye kaunta yao.

Watu waliganda. Baba yake alitamani ardhi impokee. Bibi, ambaye siku tatu hakuwa ametoa hata sauti, akaanza kutikisika. Tukadhani ni kilio. Kilikuwa kicheko. Akacheka mpaka akashikwa na wenzake, na msiba wote ukacheka, kisha ndipo tukalia vizuri. "Huyu ni mtani," bibi akasema siku ile. "Nani amemleta mtani wangu hajamlisha?"

Sasa, pale nyumbani Kiseke, bibi akanielekezea kidole, ingawa kwa macho yale alikuwa anaelekeza kabati.

"Mtani anachukua kuku wako unamwona. Kesho na wewe unachukua wake. Umeshawahi kuona mtani anakuchukulia kwenu?"

"Sijawahi."

"Na huyo kijana wa Usagara, amesugua sufuria gani kwa akina mtani wangu?"

Jumatano tukaingia maktaba: Madam, mwalimu wa nidhamu, wagombea wawili, mimi, na dirishani wawakilishi wa madarasa, na nyuma yao shule nzima imesimama juu ya ndoo. Mpinzani alijitetea vizuri. Yule jamaa hata akiomba chumvi anaomba vizuri. Akamalizia:

"Na zaidi, Madam, muulizeni meneja wake nani aliutunga huo utani. Akiusema yeye ni utani, nikiusema mimi ni ubaguzi?"

Macho yote kwangu. Nikasimama. 

"Niliutunga mimi. Na Jumatatu nilicheka."

Dirishani wakaguna. Mwalimu wa nidhamu akafunga daftari. "Basi kesi imekwisha. Mtunzi yuko upande wa mlalamikaji."

"Mwalimu, naomba swali moja kwa mwenzangu." Madam akaitikia kwa kichwa. Nikamgeukia mpinzani. "Mimi nikimwambia habari za kaunta, ananirudishia michembe. Wewe ulipomuuliza kwao wapi, ulitaka akurudishie nini?"

"Angetaja tu kwao."

"Kwao ni hapa mjini. Hata mama yake amezaliwa hapa. Angetaja, bwalo lingekubali?"

Akageuka kutazama dirishani.

"Basi na yeye akuulize."

Jirani yangu hakuinua hata sauti. "Kwenu wapi?"

"Usagara."

Tukasubiri. Hakuna aliyecheka, hata dirishani. 

"Mmeona?" nikasema. "Swali ni lilelile. Wewe linakuuliza njia, yeye linamwonyesha mlango wa kutokea. Bibi yangu anasema mtani anaruhusiwa kuchukua kuku wako. Haruhusiwi kukuchukulia kwenu. Mimi nilimchukulia kuku, na amenichukulia wangu mara mia. Wewe ulitaka kumchukulia kwao, ukatumia maneno yangu kama begi la kubebea. Na mimi nikakushikia begi, kwa kucheka."

Kijana wa Usagara akatazama mikono yake. Alipoongea, sauti ya redio ilikuwa imezimwa.

"Sikutaka aondoke. Nilitaka kura."

"Na ndiyo maana si utani," akasema Madam. "Utani hauombi kura. Wewe uliwataka watu wamnyime mtu kura kwa asili ya babu zake. Rangi si lazima itajwe ndipo iwepo."

Mwalimu wa nidhamu alifikiri, akavuta suruali juu, akafungua tena daftari. "Iandikwe: ubaguzi."

Alhamisi asubuhi, mstarini, mpinzani alipanda kwenye jukwaa la zege akasema mbele ya shule nzima, "Nililosema Jumatatu lilikuwa ubaguzi. Namwomba radhi mwenzangu." Hakuongeza "kama kuna aliyeumia," na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Nikapanda na mimi, nikasema nilivyocheka. Watu wakacheka niliposema nimecheka. Sura yangu ina tatizo hilo.

Kisha akapanda jirani yangu. Akakamata kipaza sauti kilekile.

"Jumatatu mliniuliza kwetu wapi. Kwetu hapa. Na lile la duka ni kweli, nimelelewa dukani, najua kijiko pungufu nikiwa nimefumba macho. Sasa mpishi ajiandae!"

Mayowe yale nina hakika yalisikika ng'ambo ya ziwa. Kidato cha kwanza walirusha masweta juu. Ijumaa jina lake lilikuwepo kwenye karatasi, na jioni likasomwa la kwanza, kwa mbali sana. Tukambeba juujuu kuzunguka uwanja. Na mimi nikabebwa, hatua kama nne, wakaniangusha.

Wapo wa kidato cha nne waliomaliza shule wakiapa kwamba ulikuwa utani tu. Sawa. Waende nao.

Kwenye chakula cha ushindi, maharage safari hii ukiyaona unayatambua, kijana wa Usagara alimfuata rais mpya, mikono nyuma.

"Sasa mtu akitaka kuwa mtani wako anafanyaje?"

"Inabidi asubiri msiba," akajibiwa. "Lakini kwa kuwa kwetu wote wazima, masufuria yako kule jikoni." Akanigeukia. "Na wewe mtunzi, mfuate."

"Mimi ni meneja wa kampeni!"

"Kampeni imekwisha."

Tukasugua masufuria ya watu mia sita, mimi na yule kijana, masizi mpaka kwenye masikio. Lilipobaki la mwisho, rais alikuja akalikagua kwa kidole. Akampa kijana wa Usagara kitambaa cha kujifutia. Yule jamaa akakinyoosha kwenye mwanga, akakitazama huku na huku, akaniangalia kwa hofu, kisha akajikaza.

"Hiki," akasema, "ni kitambaa au chandarua?"

Nilikuwa nimemsimulia hadithi ya babu tukiwa tunasugua. Rais akamtazama kwa uso wake ule wa kufuatilia somo.

"Ni kitambaa," akasema. "Usagara mnavaa chandarua, ndiyo maana unachanganya."

Jikoni kote wakacheka. Safari hii nilimwangalia kwanza yule aliyetaniwa. Alikuwa anacheka kuliko wote.