Meno ya Katani Kwenye Mkono Wangu

Siku ile haijanitoka, mwanangu. Nilikuwa kijana wa kuchuma majani chai hapa Kericho, na wacha niseme bila aibu: hakuna aliyenifikia. Watu walisema vidole vyangu vina macho. Ndiyo maana mzee arap Chumo, aliyetunza mbwa wa mama mmoja tajiri, alinichagua nishike kazi yake.

Mbwa aliitwa Katani, maana manyoya yake yalikuwa magumu kama ufagio. Manyoya kama hayo hayanyolewi. Ukiyanyoa yanarudi laini, rangi imepotea. Yanang'olewa kwa vidole, pole pole, yale yaliyokwisha kufa. Sasa, Katani alikuwa ameshauma mtu, na mama alikuwa ametamka: akiuma tena, daktari wa mifugo amdunge sindano ya kufa.

Nikampandisha mezani, nikaanza kwa mbio. Mchuma chai, si unajua, huchukua changa akaacha iliyokomaa. Vidole vikafanya vilivyozoea: vikashika nywele changa, nikavuta. Katani akageuka. Nikasikia meno kwenye kifundo cha mkono, hayajaingia bado. Mama yuko dirishani, anatuangalia.

"Usivute huo mkono," mzee akanong'ona. "Ukivuta utajichana, na huyu atauawa kwa kosa lako."

"Mzee, ataniuma!"

"Wewe ndiye umemuuma kwanza. Vidole vina macho, eh? Leo ni vipofu! Unafikiri huyu ni chai? Hapa changa inaachwa. Tafuta iliyozeeka, hiyo inakuja yenyewe."

Jasho likanitiririka. Nikaulegeza mkono, kama si wangu. Katani akanguruma, akanguruma, kisha akaachia. Nikapapasa mgongo wake mpaka nikapata nywele iliyokufa, nikaivuta vile inavyolala. Ikatoka bila ubishi. Katani akalaza kichwa mezani. Nilipoinua macho, dirishani hakukuwa na mtu, na daktari hakuitwa.

Leo mimi, niliyeishia darasa la tano, naletewa mbwa kutoka Nakuru, hata Nairobi. Toka Fort Ternan mpaka Mulot, nitajie mwingine kama mimi! Lakini mbwa mgeni akipanda mezani, mkono wangu bado unatulia kwanza.

Mwanangu, mazoea yana taabu. Ukiingia kazi mpya, usiibebe sifa ya kazi ya jana. Uliza, kuuliza si ujinga. Kosa lako laweza kulipwa na asiyejua kujitetea. Nenda sasa. Mungu akupe mkono mwepesi, na kila utakayemshika alaze kichwa bila hofu.