Mkono ni arm au hand? Darasa zima liliniambia limeelewa

Wakuu, salaam. Hii siitii chumvi. Hasira niliyonayo inatosha.

Niko Saint Paul, huku Marekani. Winter ya mwaka huu, 2016, nimekuwa najitolea jioni kwenye chumba cha chini cha kanisa pale Frogtown. Tunawaandaa akina mama wa Kikongo kwa mtihani wa CNA, wale wasaidizi wa wauguzi.

Mama Furaha alishafeli sehemu ya vitendo mara moja. Akifeli tena, anabaki warehouse kule Savage, kusimama shift nzima na mgongo wake mbovu.

Wote walimwambia asome zaidi. Hakuna aliyemuuliza alikosea wapi. Hakuna!

Nikamuuliza.

"Walisema nioshe foot. Nikaosha muguu yote, mupaka kwa goti. Muzuri kabisa!"

Nikachoka. Kwetu mguu ni mguu: foot, yaani kuanzia kifundo kushuka chini, na leg vyote vimo humo. Mkono vilevile: hand, kiganja na vidole tu, na arm, vyote mkono.

Nikalipeleka suala hilo kwa mratibu wetu, nesi Mkenya tunayemwita Auntie Grace. Akageukia darasa: "Thumbs up kama mnajua foot na leg!"

Vidole gumba vyote juu. Cha Mama Furaha ndiyo cha kwanza.

"Umeona? Wacha stress, bro. Wako sawa."

Wakuu, hivi mtu mzima atajitangaza mbele ya wenzake kwamba hajui? Na yule ambaye hajui kwamba hajui je?

Nikaomba dakika moja tu. Fumbeni macho, nikitaja neno shika sehemu hiyo. (Macho lazima yafumbwe, la sivyo wote wanamwiga wa mbele.)

"Foot!" Mmoja kashika goti, mwingine paja.

"Hand!" Viwiko. Mabega.

"Fumbueni, mtu asisogee."

Kicheko! Mama Furaha, kashika bega: "Eh mwalimu, lakini yote si ni mukono?"

Auntie Grace: "Haki ya Mungu. Hebu rudia."

Tukarudia kila jioni, dakika ileile moja. Wiki iliyopita Mama Furaha alirudia mtihani, akanipigia akipiga kelele: "Walisema foot, nikasimama kwa kifundo! Nimepita, mwalimu!"

Nilichojifunza: ukiuliza "mmeelewa?" unapima adabu. Mpe mtu vitu viwili vinavyofanana, umwone akichagua.

Sasa natafuta maneno mengine yanayotutega. Mfano kuazima: sisi tuna moja, wao wana borrow na lend. Wekeni yenu hapo chini, maana kuna kundi jipya la mtihani, na tayari wameshaniambia wameelewa.