Mtani Aliyelala Mbele ya Kigari

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo haijanitoka. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya Uluguru, barabara ya changarawe imelowa, na mimi nimeketi ndani ya kigari cha mbao, kamba za usukani mikononi, nikisubiri filimbi. Sikuwa naogopa kuumia. Nilichoogopa ni kushindwa mbele ya watu.

Nakusimulia sasa kwa sababu nimetoka kuzika. Aliyezikwa ndiye aliyeniharibia asubuhi ile, na kwa miaka mingi sikujua nimwite nani.

Nyinyi leo mkisikia mashindano ya vigari mnafikiria injini na kofia ngumu. Vyetu havikuwa na injini. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, sukari kwa foleni, sabuni kwa bahati. Sisi wa milimani tulikuwa tunateremsha ndizi na kabichi sokoni kwa vigari tulivyochonga wenyewe, na vijana wakiwa na kitu cha magurudumu na mteremko, lazima watashindana. Wakubwa wa ofisi ya vijana walipoona hatuachi, wakaamua kuyapanga mashindano hayo: kwanza wilaya, kisha mkoa, na mshindi wa mkoa anakwenda Dar es Salaam kushindana kitaifa.

Taifa ndiko nilikokuwa nakutaka. Waliofika huko mwaka uliotangulia walichukuliwa kwenye karakana kufundishwa ufundi wa magari. Mimi nilimaliza darasa la saba, jina langu la kwenda sekondari halikutoka, nikarudi kwenye kabichi za mjomba. Niliona mlango mmoja tu uliobaki wazi duniani, nao ulikuwa chini ya mteremko ule unaotoka Morningside, juu mlimani, kuja Boma mjini.

Kigari chetu kilikuwa cha watu wawili. Mimi nilikaa mbele, naongoza. Nyuma alikaa Kibwana, mtoto wa mama yangu mkubwa, mshika breki. Breki yenyewe ilikuwa kibao kilichopigiliwa kipande cha tairi. Kibwana akikikanyaga, kinabana gurudumu la nyuma, kigari kinapungua mwendo. Kibao kile kilishikwa na pini moja ya chuma, ili kikiisha tukichomoe tuweke kingine. Ndani ya magurudumu tulikuwa na beringi za lori bovu. Beringi zinataka grisi, na grisi haikupatikana mji mzima. Tukafanya kama walivyofanya wote kwetu: tukapaka mafuta ya nyonyo aliyokamua mama. Yalikuwa mazito na mazuri. Kigari kikawa kinateleza kama samaki.

Wilaya tulishinda. Siku ya mkoa, mbio za kwanza asubuhi tukawashinda vijana wa Mahenge. Ikabaki fainali, sisi na wa Kilosa.

Lakini katika zile mbio za kwanza kulitokea jambo. Katikati ya mteremko ipo kona inayopinda ghafla, na upande wake wa kushoto hakuna kitu ila korongo na mawe ya mto. Tulipofika pale nilipiga kelele, "Breki!" Kigari hakikupungua kama nilivyokizoea. Tulipita tukiwa tumeegemea ukingo, changarawe zinamwagika chini, nikazisikia zinavyogonga mawe. Tukafika mwisho wa kwanza. Watu wakatubeba.

Tulipokuwa tunakisukuma kigari kurudi juu kwa ajili ya fainali, nikamtazama Kibwana miguu. Katambuga lake la kulia, kiatu cha tairi, lilikuwa limelika upande mmoja.

"Ulishusha mguu?" nikamuuliza.

"Nilishusha kidogo. Breki imekataa pale konani."

"Imekataa au imechelewa?"

Akafikiri. "Imechelewa."

"Basi tutaipaka mchanga."

Tukaipaka mchanga. Kibwana akaikanyaga, ikabana vizuri pale tuliposimama, naye akatingisha kichwa kwamba sawa. Hayo ndiyo mazungumzo yote tuliyokuwa nayo kuhusu maisha yetu, mwanangu. Hayakuchukua muda wa kumenya ndizi.

Sasa nikuambie kuhusu Maganga.

Maganga alikuwa Mnyamwezi, mfanyakazi wa reli, amenizidi umri kiasi cha kaka wa kwanza. Sisi Waluguru na wao ni watani tangu wazee. Siku hizi mnaita utani mzaha wowote, lakini utani wenyewe una sheria zake. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, na huna ruhusa ya kukasirika. Anaweza kuchukua kitu chako, ukamkomboa kwa kitu kingine. Na mkifiwa, yeye ndiye anayeshuka kulala kaburini kabla ya maiti, anakataa kutoka mpaka apewe anachotaka, watu wanacheka huku wanalia. Kumpiga mtani ni aibu ambayo ukoo mzima utaibeba.

Tulifahamiana stesheni, nilipokuwa nauza ndizi. Alikuwa anachuma mkunguni bila kuomba, anakula mbele yangu. "Mtumwa wangu," ananiambia, "ndizi zako chachu kama maneno yako." Mimi nikamvua kofia yake ya kazi, nikaenda nayo mlimani juma zima. Ndivyo tulivyoishi.

Siku ile ya mashindano alikuwa amesimama pale konani. Tulipopita na wale wa Mahenge alituona. Baadaye watu walinieleza kwamba alikwenda kwa katibu wa mashindano akamwambia wale vijana wa milimani wasiteremke tena, mmoja anafunga breki kwa mguu. Katibu akamjibu kwamba wageni wa mkoa wameshakaa na fainali haiwezi kusubiri maneno ya barabarani. Basi Maganga akaanza kupanda mlima kwa miguu. Sisi hatukuyajua hayo.

Tulipangwa mstarini. Dereva wa Kilosa, kijana mrefu mwenye meno meupe, akanigeukia. "Nyinyi wa ndizi, mkifika chini mtuambie Boma imepakwa rangi gani. Sisi tutakuwa tumeshalala."

"Mtaiona vizuri," Kibwana akamjibu, "maana mtakuwa mnaitazama kupitia vumbi letu."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, meno yalikuwa yameshikana. Mjomba alisimama pembeni na kanzu yake ya Idi, aliyoivaa kwa ajili yangu. Katibu akatia filimbi mdomoni, akainua mkono.

Hapo mtu akapenya katikati ya watazamaji, anahema kama ng'ombe, nguo za kazi zimelowa jasho. Akaja mbele ya kigari chetu, akalala chali barabarani. Akanyoosha miguu. Akaikunja mikono kifuani kama maiti.

"Endeleeni," akasema. "Nimekuja kumzika Mluguru wangu. Nimetangulia kulipima kaburi, nione kama litamtosha, maana kichwa chake kimevimba."

Watu walipiga kelele za kicheko. Mwanangu, damu ilinipanda mpaka masikioni.

"Maganga, ondoka!"

"Maiti haiondoki."

"Ondoka, nakwambia, filimbi inapigwa!"

"Na ipigwe. Kwetu mtu akifa tunapiga hata ngoma."

Katibu akaja mbio. "Mtoeni huyu mlevi!"

Hakuna Mluguru aliyesogea. Wote waliona ni mtani, na amelala kama wanavyolala makaburini. Mgambo wawili waliokuwepo walikuwa watu wa kwetu. Mmoja akaangalia mawingu, mwingine akaanza kujifunga kamba ya kiatu. Nikamtazama mjomba aniokoe. Mjomba, badala ya kumfukuza, akachuchumaa kando ya Maganga na kuuliza kwa sauti ya msibani, "Haya mtani wetu, tukupe nini uamke?"

Maganga akafumbua jicho moja. Halimtazami mjomba, linanitazama mimi. Halikuwa na mzaha hata chembe.

"Nataka kibao cha breki."

"Chukua kitu kingine!" nikasema. "Chukua kofia, chukua shati, nitakupa mkungu mzima!"

"Nimesema ninachotaka."

Nilisikia tu nyuma yangu chuma kinakwaruza. Nilipogeuka, pini ilikuwa imeshatoka, na kibao kilikuwa mkononi mwa Kibwana. Akakinyoosha kupita begani kwangu, akampa Maganga. Maganga akakipokea, akainuka, akajipangusa changarawe matakoni, akaondoka nacho. Akateremka njia ya miguu bila kugeuka.

Nilikuwa na ngumi tayari. Nilishatoka ndani ya kigari. Mjomba akaniwekea kiganja kifuani, akasema taratibu, "Huyo hapigwi." Nikakaa chini.

Katibu alisubiri kidogo tufunge kibao kingine. Hatukuwa nacho, cha akiba tulikuwa tumekimaliza wilayani. Filimbi ikapigwa. Kilosa wakateremka peke yao, polepole, wanapunga mikono. Wao ndio waliokwenda Dar es Salaam.

Jioni nilimfuata Maganga kwenye nyumba za reli. Sikumsalimu. Alikuwa ameketi kizingitini, akanirushia kile kibao.

"Shika. Nusa."

Sikuwa na haja ya kunusa. Vidole viliteleza. Tairi lote lilikuwa limelowa mafuta ya nyonyo, na mchanga wetu umegandana juu yake kama ukoko wa ugali. Beringi zilipopata moto katika mbio za kwanza, mafuta yaliyeyuka, yakatiririka kwenye gurudumu, yakafika kwenye breki. Tulipoikanyaga tumesimama ilibana. Konani ingekuwa habari nyingine.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ningekwambia nini? Umebebwa juu juu, watu wanakupigia makofi. Ungenisikia?"

Jibu wote wawili tulilijua. Sikumshukuru. Nilimrudishia kibao chake kwa kukitupa miguuni mwake, nikaenda zangu. Sikuuza ndizi stesheni mpaka mvua zilizofuata zikaisha.

Nataka kukuambia kweli yote. Mimi sijui kama tungekufa. Pengine Kibwana angeshusha miguu yote miwili tukapita. Pengine ningekuwa fundi mkubwa leo, badala ya kuziba pancha za baiskeli hapa Kihonda maisha yangu yote. Nimelala na swali hilo miaka mingi, halina jibu, na anayesema analo anakudanganya. Ninachokijua ni hiki: Kibwana yuko hai. Ana wajukuu, analalamika goti, na Ijumaa huja tukanywa chai. Sikuhitaji kumweleza mama yake kwa nini nimerudi peke yangu.

Na Maganga tulirudiana. Ilianza kwa yeye kunilia ndizi. Kile kibao alikifanya kizuizi cha mlango wake, na kila nikiingia ananionyesha: "Karibu, pita juu ya kaburi lako." Alipohamia Kihonda alihama nacho. Asante sikuwahi kumpa. Kati ya watani neno hilo halitamkiki kirahisi; ungemwambia, angekutukana wiki nzima. Nikaahirisha, tukazeeka.

Juma lililopita amefariki. Waluguru tuliobaki mtaani ni wachache, nami ndiye mkubwa wao, ikabidi nishuke kaburini. Vijana wakanishika makwapa wakaniteremsha. Nikalala kwenye udongo baridi. Nilikuwa nimeandaa maneno, nikasema la kwanza: "Mnyamwezi huyu alizoea kulala barabarani kwenye changarawe. Leo mnamlaza pazuri hivi, atapata usingizi?" Wakacheka. La pili nikaliacha. Nikabaki natazama kipande cha mbingu na vichwa vya watu.

Binti yake mkubwa akainama ukingoni. "Baba, tukupe nini utoke?"

"Nataka kibao," nikasema.

Hakuuliza kibao gani. Amekikanyaga tangu alipojifunza kutembea. Alikwenda mwenyewe nyumbani, watu wote wanasubiri juani, mimi nimelala humo, na hakuna aliyeninyanyua. Akarudi nacho ndani ya khanga. Nilipokipokea, tairi lilikuwa kavu kabisa. Ndipo nikamwambia baba yake asante, nikiwa mahali pake, kabla hajaingia. Kisha wakanitoa.

Basi mwanangu, nasaha yangu si ndefu. Siku utakapokuwa na haraka ya kitu unachokitaka sana, na watu wamekuzunguka kwa makofi, mtafute kwa macho yule asiyepiga makofi. Kitu kikikwambia kimechelewa, usikipake mchanga. Kifungue ukione ndani. Mtu akikuaibisha, usitazame aibu yake tu, tazama amepanda mlima gani kuja kukuaibisha. Na ukishaelewa alichokutendea, mwambie asante angali anaweza kukutukana. Usingoje kuisemea shimoni kama mimi.

Mungu akufungulie mteremko ulio mwema. Akupe mtu wa kulala mbele ya kigari chako, na akupe moyo wa kumsubiri mpaka aamke.